Deni la Sauti: PJ Harvey na Suali la Nani Anasema

Kuna suali la kale katika uwanja wa ushairi ambalo halijapata kufungwa: mshairi anaposema "mimi", anayesema ni nani? Sisi tuliolelewa na taarabu twalijua suali hili kwa njia yetu. Mwimbaji akisimama ukumbini na kumlaumu hasidi asiyetajwa jina, wasikilizaji huanza kutazamana. Kila mmoja hutafuta aliyepigwa ni yupi, na aghalabu huaminiwa kuwa kisa ni cha mwimbaji mwenyewe. Mtunzi, ambaye huenda ni mwanamme aliyejikalia kwake na kalamu yake, husahauliwa. Mwimbaji mwanamke ndiye anayebebeshwa maneno yote kana kwamba ameyatoa moyoni mwake usiku uliopita.

Makala hii inakusudia kulitazama suali hilo kupitia kazi za Polly Jean Harvey, mwanamuziki wa Kiingereza ajulikanaye kwa jina la PJ Harvey. Kwa zaidi ya miaka thelathini amekuwa miongoni mwa nguzo za ule muziki wa roki uitwao mbadala, yaani roki iliyokataa kufuata matakwa ya soko kuu. Tena amechapisha vitabu viwili vya mashairi, na kwa hiyo anatuhusu sisi wa ushairi kama anavyowahusu wa muziki. Wengi wamemsifu kwa ujasiri wa kubadilika kutoka albamu moja hadi nyingine. Sifa hiyo ni ya haki, lakini haitoshi. Hoja yangu ni kwamba kila badiliko lake lilikuwa namna mpya ya kuazima sauti, na kwamba kazi zake hupandana daraja kwa kadiri alivyolipa deni la sauti aliyoiazima.

Harvey alizaliwa mwaka 1969 huko Bridport, katika jimbo la Dorset, kusini-magharibi ya Uingereza, akakulia katika kijiji kidogo cha Corscombe, kwenye shamba la kondoo. Baba yake alishughulika na machimbo ya mawe, na mama yake alikuwa mchongaji. Nyumba yao haikuwa na uhaba wa muziki. Wazazi hao walipenda bluzi za Wamarekani weusi, Bob Dylan na Captain Beefheart, na wanamuziki walikuwa wageni wa mara kwa mara. Mtoto huyo basi alikulia baina ya vitu viwili: ardhi nzito yenye damu ya wana-kondoo na mawe ya kuchongwa, na sauti za watu wa mbali zilizotoka katika santuri. Mambo hayo mawili hayakumtoka tena. Alijifunza saksafoni kabla ya gita, na mwaka 1988 akajiunga na kikundi cha Automatic Dlamini kilichoongozwa na John Parish, mtu ambaye angekuwa mshirika wake kwa miongo iliyofuata.

Mwaka 1991 aliunda kikundi chake cha watu watatu, na mwaka 1992 ikatoka albamu ya kwanza, *Dry*. Mmoja kati ya nyimbo zilizomtambulisha una jina la "Sheela-Na-Gig". Jina hilo ni la sanamu za mawe za zama za kati, zionekanazo katika makanisa ya Ireland na Uingereza, za mwanamke anayefunua utupu wake bila ya haya. Kwa binti wa nyumba ya wachongaji, uteuzi huo haukuwa wa bahati nasibu. Sanamu haina jina la mtu na haisimulii maisha ya mtu. Imewekwa juu ya mlango wa kanisa, na wapitao chini yake ndio wanaojisaili kwa nini wameona haya. Harvey, akiwa na umri wa miaka ishirini na kitu, aliuvaa uso huo wa jiwe na kuimba nyuma yake, huku akimcheka mwanamke anayejitembeza na kumcheka pia mwanamme anayemkimbia.

Wasikilizaji wengi hawakuiona sanamu; walimuona msichana tu. Albamu ya pili, *Rid of Me* ya mwaka 1993, ilizidisha mkanganyo. Ilirekodiwa Minnesota, Marekani, na fundi Steve Albini, ambaye aliacha ngoma na gita zivume kama zilivyo chumbani, na mara nyingi akaiacha sauti ya mwimbaji izame ndani yake. Nyimbo huanza kwa mnong'ono ambao hukufanya uongeze sauti ya redio, kisha hupasuka ghafla. Wahakiki wa wakati ule waliisoma kama shajara ya mwanamke aliyeachwa, ingawa mwenyewe alikana mara kwa mara kwamba nyimbo zake ni habari za maisha yake. Mwaka huohuo alitoa *4-Track Demos*, mkusanyiko wa rasimu alizojirekodia mwenyewe nyumbani. Aliyezisikiliza kwa makini aling'amua kuwa ule uliodhaniwa mlipuko wa hasira ulikuwa umepangwa tangu mwanzo, mahali pa kunong'ona na mahali pa kupiga ukelele.

Hapa ndipo dhulma inayowapata wasanii wanawake inapoonekana waziwazi. Mwanamme akiimba juu ya mauaji husemwa kuwa ametunga kisa. Mwanamke akiimba juu ya wivu husemwa kuwa amekiri. Mwaka 1994 jarida la Q la Uingereza liliwaweka Harvey, Björk na Tori Amos pamoja katika jalada lake, na kichwa cha habari kilichohesabu viungo vya miili yao. Ni wanamuziki watatu ambao hawafanani katika jambo lolote ila jinsia. Harvey kwa upande wake hakupenda kuitwa msemaji wa wanawake, na wapo waliomlaumu kwa hilo. Mimi simlaumu. Aliyevalishwa vazi asilolichagua ana haki ya kulivua, hata kama vazi lenyewe ni la heshima.

Jibu lake alilitoa jukwaani. *To Bring You My Love*, iliyotoka mwaka 1995 baada ya kile kikundi cha watatu kuvunjika, imejaa mito, jangwa, mashetani na mama aliyempoteza mtoto. Ni ulimwengu wa bluzi za kusini ya Marekani ulioletwa Dorset. Katika tamasha la Glastonbury la mwaka huo alitokea na vazi la waridi lililombana mwili mzima na rangi nzito usoni, hata pasiwe na wa kudhani kuwa yule ni Polly wa Corscombe. Ukitaka kinyago, alikuwa anasema, hiki hapa. Tangu hapo hata wasikilizaji wa haraka waliona kuwa wako mbele ya msanii wa tamthilia. Albamu ya mwaka 1998, *Is This Desire?*, ilikwenda hatua moja mbele: ndani yake mna wanawake wenye majina yao wenyewe, na mwimbaji mara nyingi husimulia habari zao akiwa kando.

Mwaka 2000 alitoa *Stories from the City, Stories from the Sea*, kazi yake iliyo wazi na yenye furaha kuliko zote, iliyochota mengi katika miezi aliyokaa New York. Albamu hiyo ilimpatia tuzo ya Mercury ya Uingereza, naye akawa mwanamke wa kwanza kuishinda kwa jina lake binafsi. (Msomaji wa Unguja asifanye haraka; tuzo hiyo ilichukua jina la kampuni ya simu, haimhusu Freddie Mercury wetu.) Ilitolewa tarehe 11 Septemba 2001. Siku hiyo Harvey alikuwa Washington, D.C., ambako aliliona jengo la Pentagon likiwaka moto kutoka hotelini kwake, na akaipokea tuzo kwa njia ya simu. Sitaki kuligeuza tukio hilo kuwa ishara ya ghaibu. Hata hivyo ni kweli kwamba vita vilivyozaliwa na siku ile ndivyo vilivyokuja kuitawala nusu ya pili ya kazi yake.

Kabla ya kufika huko alipita katika mlango mwembamba. *White Chalk* ya mwaka 2007 ni albamu ya piano, ala ambayo hakuwa hodari nayo, na humo anaimba kwa sauti ya juu, nyembamba, kama ya mtoto au ya mzuka. Gita lililompa jina aliliweka chini. Mshairi aliyezoea mizani ya kumi na sita akaamua kuandika kwa mizani asiyoijua, ili mkono usitangulie fikra, atanielewa. Bila ya unyenyekevu ule wa kujifunza upya, nadhani kazi iliyofuata isingewezekana.

Kazi hiyo ni *Let England Shake* ya mwaka 2011, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kilele chake. Maneno yaliandikwa kwanza, muda mrefu kabla ya mahadhi, baada ya kusoma kwingi juu ya vita vya zamani na vya sasa. Albamu ilirekodiwa mwaka 2010 katika kanisa lililo juu ya mwambao wa Dorset, mwendo mfupi kutoka alikozaliwa. Ala iliyoongoza utunzi ni otohapu, kinanda cha nyuzi kinachokumbatiwa kifuani, ambacho ni jamaa wa mbali wa kanuni yetu ya taarabu. Sauti yake ni tamu na nyepesi, na utamu huo ndio mtego wenyewe. Msikilizaji hupokea mahadhi ya kuchezea watoto, kisha hubaini kuwa maneno yanazungumzia miguu na mikono iliyonasa mitini.

Sehemu kubwa ya albamu hiyo inarejea Gallipoli, rasi ya Uturuki ambako mwaka 1915 Uingereza na washirika wake, wakiwamo vijana wa Australia, New Zealand na India, walijaribu kuivunja dola ya Uthmaniya. Walishindwa, na watu zaidi ya laki moja wa pande zote mbili walikufa. Harvey hamkemei mtu. Anaimba kama shahidi, mara akiwa askari, mara akiwa mtu anayetazama mlima miongo kadhaa baadaye na kuona majani yameota juu ya mifupa. Katikati ya nyimbo hizo anaingiza sauti za wengine kutoka santuri za zamani. Katika wimbo mmoja tarumbeta ya kijeshi inapigwa bila ya kuafikiana na muziki uliopo, kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Katika wimbo uitwao "England", anapoikiri mapenzi yake machungu kwa nchi yake, nyuma yake analia mwimbaji wa Kikurdi, Said El Kurdi. Uingereza haiwezi tena kujililia peke yake. Sauti ya nchi zilizofikiwa na majeshi yake imo ndani ya wimbo wake wa taifa.

Aprili 2010, kabla albamu haijatoka, aliuimba wimbo wenye jina hilohilo katika kipindi cha televisheni cha Andrew Marr, na miongoni mwa wageni alikuwapo Gordon Brown, waziri mkuu wa wakati huo, ambaye serikali yake ilikuwa na askari Afghanistan. Mwaka 2011 albamu hiyo ilimpatia tuzo ya Mercury kwa mara ya pili, jambo ambalo hakuna msanii aliyekuwa amelipata kabla yake. Siri ya mafanikio hayo, nionavyo, haiko katika uzito wa mada tu. Harvey aliazima sauti za wafu, lakini wafu hao walikufa kwa jina la nchi yake na kwa amri ya nchi yake. Alipowasemea alijiingiza mwenyewe katika hesabu. Deni alilitambua na akalilipa.

Mwaka 2013 alifanya jambo dogo lililo kubwa. Alitoa bure wimbo juu ya Shaker Aamer, raia wa Saudia mkaazi wa London aliyekuwa amezuiliwa Guantanamo tangu mwaka 2002 bila ya kufunguliwa mashtaka, na ambaye wakati huo alikuwa katika mgomo wa kula. Mtu huyo aliachiwa mwaka 2015. Wimbo haukumfungua, wala hakuna aliyedai hivyo. Ila ulimpa jina mtu aliyekuwa amegeuzwa nambari, na hiyo ni kazi ya halali ya ushairi.

Tukifika *The Hope Six Demolition Project* ya mwaka 2016, mizani inapinda. Baina ya 2011 na 2014 Harvey alisafiri na mpigapicha Seamus Murphy hadi Kosovo, Afghanistan na Washington, D.C. Matunda yake yalikuwa kitabu cha mashairi na picha, *The Hollow of the Hand* (2015), albamu hiyo, na baadaye filamu. Jina la albamu linatokana na mpango wa serikali ya Marekani wa kubomoa nyumba chakavu za umma na kujenga mpya, ambao wakosoaji wake walisema uliwaondosha maskini makwao. Wimbo wa kwanza unapita katika mitaa ya mashariki ya Washington na kuyataja mambo yake kwa ukali. Maneno yake mengi yalitoka kinywani mwa mwandishi wa gazeti la Washington Post aliyewatembeza kwa gari. Mara wimbo uliposikika, wanasiasa wa mji huo na wahusika wa asasi ya misaada iliyoguswa kwa jina walijibu kwa hasira: umepita tu, umeona uchafu, hukuwaona watu.

Yapo ya kumtetea. Mshairi si mtakwimu, na alichokiimba alikisikia kweli. Muziki wenyewe, wenye saksafoni nzito na kwaya ya wanaume, una nguvu isiyokanushika, na ndiyo albamu yake ya kwanza kushika nafasi ya juu kabisa katika chati za Uingereza. Lakini wale waliolalamika walishika kitu cha kweli. Katika *Let England Shake* msemaji alikuwa mrithi. Hapa ni mpita njia. Macho yameona, daftari limejaa, ila sauti haina pa kusimama, kwa sababu mwenye kuimba hana cha kupoteza katika mtaa anaouimba. Kuna tukio linaloeleza jambo hili kuliko maneno yangu. Albamu hiyo ilirekodiwa mwaka 2015 katika jengo la Somerset House, London, ndani ya chumba chenye kioo cha upande mmoja. Watu walikata tiketi wakamtazama akifanya kazi, naye hakuwaona. Kwa majuma kadhaa Harvey alikaa upande ule wa kioo ambao watu wa Washington, Kosovo na Kabul walikuwa wamekaa mbele ya kamera na daftari lake. Sijui kama alikusudia kulipa deni kwa njia hiyo. Lililo wazi ni kwamba baada ya hapo hakusafiri tena kutafuta mada. Alirejea kijijini.

Marejeo hayo ndiyo *Orlam*, kitabu cha mwaka 2022 alichokiandika kwa miaka kadhaa chini ya ulezi wa mshairi Don Paterson wa Scotland. Ni kisa cha Ira-Abel, mtoto wa miaka tisa, katika kijiji cha kubuni kinachofanana mno na vile vya Dorset. Mashairi yanafuata miezi ya mwaka mmoja, ndani ya msitu wenye mizuka ya askari na jicho la mwana-kondoo aliyekufa linaloona kila kitu. Yameandikwa kwa lahaja ya Dorset, na ukurasa wa pili unayaeleza kwa Kiingereza sanifu. Lahaja hiyo ndiyo aliyoiandikia William Barnes, mchungaji na mwalimu wa karne ya 19, aliyekusanya pia msamiati wake katika kitabu cha mwaka 1886, mwaka aliofariki. Kwa Waingereza wa mjini ilikuwa lugha ya wakulima, ya kuchekesha. Harvey ameifanya lugha ya kutisha na ya siri, lugha ambayo mtoto huitumia kuficha yale wakubwa waliyomtendea.

Msomaji wa visiwa vyetu hahitaji kuelezwa uzito wa hatua hiyo. Tangu Kiunguja cha mjini kilipoteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, Kimakunduchi, Kitumbatu na Kipemba vimebaki nje ya uwanja, vikisikika katika nyimbo za kazi na za unyago, na katika mzaha wa watu wa mjini. Mshairi wa Makunduchi anayetaka kuchapishwa hujifunza kwanza kuiacha lugha ya bibi yake. *Orlam* inaonesha njia nyengine: lahaja upande huu, sanifu upande ule, na msomaji akilazimika kuvuka mwenyewe.

Hata hivyo tusiifanye kazi hii kuwa hadithi ya mwana mpotevu aliyerudi nyumbani akapumzika. Maneno mengi ya *Orlam* hayakutoka vinywani mwa watu walio hai. Yametoka katika kitabu cha Barnes. Harvey hakuzungumza hivyo mezani kwa mama yake. Hata nyumbani, basi, sauti ni ya kuazima, na pengine hapo ndipo kitabu kinapokuwa kizito mno katika baadhi ya kurasa, pale msamiati unapotangulia hisia. Yaliyopungua kitabuni yalitengenea mwaka 2023 katika *I Inside the Old Year Dying*, albamu aliyoifanya na Parish pamoja na mtayarishaji Flood. Huko maneno yaleyale yaliingia kooni, na yalipoimbwa hayakuhitaji tena ukurasa wa pili. Mtu hayaelewi yote, na bado haoni kuwa amefungiwa nje.

Taathira ya Harvey kwa waliomfuata imeandikwa sana. Kurt Cobain aliitaja *Dry* miongoni mwa albamu alizozipenda zaidi. Anna Calvi, aliyetokea mwaka 2011 na gita na sauti yenye kishindo, alilinganishwa naye tangu siku ya kwanza, na albamu yake hiyo aliitayarisha pamoja na Rob Ellis, yule mpiga ngoma wa kile kikundi cha watatu. Lakini wanaoiga kelele za mwaka 1993 wamechukua ganda. Urithi wenyewe ni ruhusa aliyowaachia wanawake katika roki: ya kubuni, ya kuvaa nyuso, ya kusema "mimi" bila ya kuulizwa tarehe na mahali. Ruhusa hiyo wanaume walizaliwa nayo. Yeye aliipigania, albamu baada ya albamu.

Na ruhusa ina sharti lake, ambalo kazi zake zimelifundisha kwa kufaulu na kwa kuteleza. Kuazima sauti si kosa. Ushairi wote ni mkopo. Kosa ni kuondoka na sauti ya mtu bila ya kuacha kitu cha thamani mahali pake, na cha thamani zaidi ya vyote ni nafsi ya mwimbaji mwenyewe ikiwa hatarini. Harvey aliiweka nafsi hiyo Gallipoli, hakuiweka Washington, akaiweka tena katika msitu wa utotoni. Tunaoketi kuandika juu ya mateso ya wengine, kutoka dirisha la gari au la mtandao, hatuna budi kujiuliza tumeweka nini.